Uchovu wa zege: Maji humalizia kazi iliyoanzwa na malori Kiplombe

KILA msimu wa mavuno unapowadia katika Kaunti ya Uasin Gishu, matrekta na malori yaliyosheheni mahindi na ngano humiminika kutoka mashambani yakielekea Eldoret. Katika wadi ya Kiplombe, viungani mwa jiji hilo, msafara huo huungana na malori ya mawe, kokoto, mchanga na magogo yanayohudumia ujenzi usiokoma.

Magari hayo yote huvuka kalvati na madaraja madogo ya zege ambayo ni nadra kutupiwa jicho. Lori likivuka leo na daraja lisiporomoke, mwananchi huamini kwamba daraja ni imara. Likivuka tena kesho, imani hiyo huzidi.

Imani hiyo inapotosha. Zege, yaani ule mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, halivunjiki tu kwa kubebeshwa mzigo mmoja ulioshinda nguvu zake. Huchoka pia kwa mizigo ya kadiri inayorudiwa maelfu kwa maelfu ya mara, na uchovu huo ndio unaoyafungulia maji mlango. Maji yakishaingia, uharibifu ambao ungechukua miongo kadhaa huweza kukamilika katika misimu michache ya mvua.

Suala hili lina uzito wa kipekee kwa Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji la tano nchini mnamo Agosti 15, 2024. Viunga vyake vinapanuka, barabara za mashambani zinageuka kuwa za mijini, na kalvati zilizokusudiwa matrekta ya wakulima zinalazimika kubeba malori ya mawe. Wakati huo huo, fedha za kukarabati barabara zimekuwa chanzo cha mvutano mkali kati ya magavana na wabunge.

MZIGO MMOJA NA MIZIGO ELFU

Elimu kuhusu uchovu wa vifaa vya ujenzi ilianzia kwenye reli. Katikati ya karne ya 19, mhandisi Mjerumani August Wöhler alichunguza sababu za mihimili ya magurudumu ya treni kukatika ghafla ilhali mzigo ilioubeba haukufikia kiwango cha kuivunja. Alibaini kwamba kinachokiua chuma si ukubwa wa mzigo pekee, bali pia idadi ya mara ambazo mzigo huo umerudiwa.

Zege nalo lina tabia hiyo, na kwa namna fulani hali yake ni mbaya zaidi. Kwa aina nyingi za chuma kipo kiwango cha mzigo ambacho, kisipopitishwa, chuma huweza kuustahimili karibu milele. Kwa zege, majaribio ya maabara hayajaonyesha kiwango kama hicho kwa uhakika. Makadirio yanayotumiwa na wahandisi ni kwamba zege linalotarajiwa kuhimili mzigo mara milioni 10 hubakiwa na takriban asilimia 55 tu ya nguvu lililo nazo likibebeshwa mara moja.

Milioni 10 ni idadi inayosikika kuwa kubwa mno, lakini kwenye barabara kuu hutimia upesi. Chukua mfano wa daraja linalovukwa na malori 500 kwa siku, kila moja likiwa na ekseli tano. Hizo ni ekseli 2,500 kwa siku, au 912,500 kwa mwaka. Katika muda wa miaka 11, milioni 10 zitakuwa zimetimia.

Wasomaji wa Kiplombe wanaweza kusema kwamba kalvati zao hazipitiwi na malori 500 kwa siku. Hilo ni kweli, lakini hesabu ina upande wa pili. Ukifuata makadirio hayo hayo, mzigo ukiongezeka kwa takriban robo, yaani kutoka asilimia 55 ya nguvu za zege hadi asilimia 68, idadi ya mara ambazo zege litastahimili hushuka kutoka milioni 10 hadi karibu 100,000. Ongezeko la robo hupunguza umri hadi sehemu moja kwa mia.

Katika barabara ya mashambani inayopitiwa na malori 20 tu kwa siku, kila moja likiwa na ekseli tatu, mara 100,000 hutimia katika muda wa miaka minne na nusu hivi. Ni kweli kwamba hesabu hii ni ya kukadiria, kwa kuwa daraja halisi huwa na vyuma ndani yake na malori hayabebi uzani sawa kila siku. Hata hivyo, inadhihirisha jambo ambalo aghalabu husahaulika: malori machache yaliyojazwa kupita kiasi yanaweza kuchosha daraja dogo haraka kuliko mamia ya malori yanayotii sheria.

YANAYOTENDEKA NDANI

Ili kufahamu jinsi uchovu huo unavyotokea, sharti kuliangalia zege kwa ndani. Kwa macho ni jiwe moja gumu. Kwa hakika ni kokoto zilizogandishwa pamoja na ujiuji wa saruji uliokauka, na mahali ambapo saruji hukutana na kokoto ndipo penye udhaifu. Hata kabla ya gari la kwanza kupita, tayari pana nyufa nyembamba mno zilizosababishwa na zege kusinyaa lilipokuwa likikauka.

Mzigo unapolikandamiza zege, nyufa hizo hupanuka kidogo. Unapoondoka hujifunga, lakini si kikamilifu. Lori linalofuata huzikuta zikiwa ndefu kuliko zilivyokuwa, nalo huzirefusha tena. Nyufa zilizokuwa zimetengana, kila moja ikizunguka kokoto yake, hatimaye huungana na kuwa mtandao.

Kuungana huko ndiko mwanzo wa balaa. Nyufa elfu zilizotengana hazipitishi maji mengi, kwa kuwa kila moja ni chumba kisicho na mlango. Zikiungana huwa ujia unaotoka uso wa juu wa zege hadi kwenye vyuma vilivyozikwa ndani, ambavyo mafundi huviita nondo.

Yapo mazingira ambayo zege huweza kujitibu. Ufa mwembamba sana ukipata unyevu na kuachwa ukitulia, mabaki ya saruji ambayo hayajakamilisha kazi yake huendelea kukomaa, na chokaa hujikusanya ndani yake hadi kuuziba. Lakini tiba hiyo huhitaji utulivu. Kalvati inayotikiswa na malori kutoka alfajiri hadi usiku haipewi nafasi hiyo. Kidonda hutoneshwa kabla hakijapona.

MAJI YANAPOPATA NJIA

Zege zima hunyonya maji polepole kupitia vinyweleo vyake, jinsi utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Mwendo huo hupungua kadiri muda unavyosonga, kwa kuwa maji hulazimika kupenya vijia vyembamba ambavyo kila hatua huongeza ukinzani.

Ufa hubadilisha mambo kabisa. Kwa mujibu wa kanuni ya mwendo wa maji katika nafasi nyembamba, ufa ukipanuka maradufu, kiasi cha maji kinachoweza kupita hakiongezeki mara mbili bali mara nane. Ukipanuka mara tatu, maji huongezeka mara 27. Hii ndiyo sababu daraja linaweza kukaa miaka mingi bila kuonyesha dalili yoyote, kisha likaanza kuvuja kwa ghafla na kuwashangaza hata wale walioshinda wakilipita.

Isitoshe, malori hayafungui njia tu na kuyaachia maji yajiendee. Gurudumu linapokanyaga ufa uliojaa maji huyasukuma ndani zaidi, kwani maji hayakubali kubanwa. Gurudumu likiondoka, ufa hupumua na kuvuta maji mengine. Daraja lenye nyufa katika msimu wa mvua huwa kama pampu inayoendeshwa na magari, na kila pigo la pampu hiyo hukwangua chembe za saruji na kuzitoa nje.

Watafiti nchini Japani walilithibitisha jambo hili katika miaka ya 1980, walipoendesha gurudumu zito mbele na nyuma juu ya sakafu za zege za madaraja. Sakafu zilizowekewa maji juu yake ziliharibika baada ya mizunguko michache mno zikilinganishwa na zilizokuwa kavu. Tofauti haikuwa ya mara mbili au tatu, bali ya makumi ya mara na hata zaidi.

Baada ya hapo huja kutu. Zege jipya huvilinda vyuma kwa sababu ya asili yake ya magadi, ambayo huvifunika kwa utando usioruhusu kutu. Hewa na maji vinapopenya, kinga hiyo hudhoofika. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, mara mbili au zaidi, na chuma kinachofura ndani ya zege hulipasua kutoka ndani. Nyufa mpya huleta maji mapya, nayo maji huleta kutu zaidi.

HESABU YA EKSELI

Msingi wa sheria nyingi za kudhibiti uzani wa magari duniani ni jaribio lililofanywa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya 1958 na 1960. Malori yaliendeshwa mchana na usiku kwenye barabara za lami na za zege zilizojengwa mahsusi kwa ajili hiyo. Matokeo yake ni kanuni mashuhuri isemayo kwamba madhara ya ekseli kwa barabara huongezeka kwa kipeo cha nne cha uzani wake.

Kwa lugha nyepesi, ekseli ikibebeshwa maradufu, madhara huongezeka mara 16. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa tani 12, ongezeko la asilimia 20 pekee, madhara huongezeka zaidi ya maradufu. Ekseli moja ya tani 10 huleta madhara yanayolingana na ya ekseli 160,000 za gari dogo lenye nusu tani kwa kila ekseli. Mwenye gari dogo si mharibifu wa barabara. Yeye huzikuta zimeharibika.

Jaribio hilo lilidhihirisha jambo la pili ambalo halitajwi sana. Sehemu za zege zilizovunjika zilikuwa zimetoa ishara mapema: maji yenye tope yalikuwa yakirushwa kutoka kwenye maungio na kingo kila lori lilipopita. Udongo uliokuwa chini ya zege ulikuwa ukipigwa pampu na kutoka nje, hadi zege likabaki likining'inia juu ya pengo. Hata huko Illinois, mzigo na maji vilifanya kazi kwa ushirikiano.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga Sheria ya Kudhibiti Uzani wa Magari mwaka 2013. Inaruhusu uzani wa jumla usiozidi tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, na tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Nchini Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA, imeweka mizani kwenye ushoroba wa kutoka Mombasa, zikiwemo za Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye.

Eldoret iko kati ya Gilgil na Webuye. Bomba la mafuta lilifika mjini humo mwaka 1994, na tangu wakati huo malori ya mafuta yamekuwa yakijaza hapo na kuelekea Uganda na nchi nyingine jirani. Reli ya kisasa nayo ilianza kuhudumu hadi upande wa Naivasha mnamo Oktoba 2019 na kukomea huko, hivyo sehemu kubwa ya shehena ya Malaba ikaendelea kusafirishwa kwa barabara kupitia Uasin Gishu. Ili kuyaondoa matrela katikati ya mji, serikali ilijenga barabara ya mchepuo yenye urefu wa takriban kilomita 32 kutoka Cheplaskei kupitia Kapseret hadi Leseru, kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Hatua hiyo ilistahili pongezi, lakini haikugusa tatizo la Kiplombe. Lori linalotoa mawe timboni na kuyapeleka kwenye ploti ya ujenzi kilomita chache kutoka hapo halipiti Gilgil wala Webuye. Trela linalovutwa na trekta likiwa limejaa mahindi halielekei Malaba. Sheria inayalinda madaraja ya barabara kuu yaliyojengwa kwa viwango vya juu, huku kalvati ndogo, ambazo ndizo dhaifu zaidi, zikiachiwa dhamiri ya mwenye lori.

Wasafirishaji nao wana hoja yao. Bei ya mafuta ikipanda na malipo ya safari yasipopanda, safari moja ya tani 14 humfaa mwenye lori kuliko safari mbili za tani saba. Mkulima anayetaka kufikisha mavuno sokoni kabla ya bei kushuka hana muda wa kufikiria vipeo vya hesabu. Ila gharama wanayoiepuka haipotei. Huhamia kwenye daraja, na kutoka hapo huhamia kwa mlipaji ushuru.

DOSARI HUANZA SIKU YA KWANZA

Lawama zote haziwezi kutupiwa malori. Zege huweza kuzaliwa likiwa dhaifu, na hapo maji hayasubiri magurudumu.

Mwanasayansi Mmarekani T. C. Powers, mmoja wa waasisi wa elimu ya saruji, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba kiasi cha maji kinachochanganywa na saruji ndicho huamua iwapo vinyweleo vya zege vitazibika au la. Kwa kilo 40 za maji kwa kila kilo 100 za saruji, vinyweleo hutengana baada ya takriban siku tatu za kuloweshwa. Kwa kilo 50, huchukua siku 14 hivi. Kwa kilo 60, huchukua karibu miezi sita. Maji yakizidi kilo 70, vinyweleo havitengani kamwe, hata zege likiloweshwa mwaka mzima.

Yeyote aliyesimama kando ya mjengo anafahamu jinsi mambo yanavyokwenda. Mchanganyiko ukiwa mzito, vibarua hulalamika kwamba haumwagiki, na ndoo moja zaidi ya maji humaliza malalamiko. Ndoo hiyo hurahisisha kazi ya saa moja na kudhoofisha zege kwa miaka 50. Baada ya kumwaga, kalvati hufunguliwa upesi kwa sababu wakazi wanataka barabara, ilhali nguvu za zege hupimwa rasmi likiwa limetimiza siku 28.

Mazingira ya Uasin Gishu huongeza haja ya uangalifu. Eneo la Eldoret lina mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya usiku huwafanya wengi kudhani kwamba zege halihitaji kumwagiliwa maji, lakini jua kali na upepo mkavu wa kati ya Desemba na Februari hunyonya unyevu wa zege changa kabla saruji haijakomaa. Kisha, kuanzia Machi au Aprili, mvua huja na kulikuta zege hilo likiwa na vinyweleo wazi.

NANI MWENYE DARAJA?

Katiba ya 2010 iligawa barabara kati ya Serikali Kuu na kaunti. Barabara kuu za kitaifa zikabaki mikononi mwa Serikali Kuu, nazo za kaunti zikawa jukumu la magavana. Kwa karatasi, mgawanyo huo ni bayana. Kwa mazoea, kumekuwa na mizozo ya mara kwa mara kuhusu barabara ipi ni ya nani, na daraja lisilo na mwenyewe halikaguliwi na yeyote.

Ada ya ukarabati wa barabara, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1993 na inayotozwa kwa kila lita ya petroli na dizeli, iliongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25 mnamo Julai 2024. Kabla ya vumbi la nyongeza hiyo kutulia, magavana na wabunge waliingia kwenye vuta nikuvute kuhusu Sh10.5 bilioni za hazina hiyo, kila upande ukidai kwamba ndio unaostahili kuzisimamia. Mwaka 2025, serikali iliamua kutumia Sh7 kati ya Sh25 hizo kama dhamana ya kupata Sh175 bilioni za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakidai malimbikizo ya madeni.

Kuwalipa wanakandarasi ni haki. Hata hivyo, maana yake ni kwamba sehemu ya ada iliyokusudiwa kuzitunza barabara imefungwa kulipia barabara zilizokwisha kujengwa. Fedha zinapopungua, kinachokatwa kwanza ni kile kisichoonekana: ukaguzi wa madaraja, uzibuaji wa mitaro, uzibaji wa nyufa. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kukata utepe kwa sababu ya mtaro uliozibuliwa.

Kisha mvua hunyesha na kubeba lawama zote. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, yaliharibu barabara na madaraja katika kaunti nyingi. Ni kweli kwamba kalvati nyingi husombwa kwa sababu maji humomonyoa udongo wa pembeni au kwa kuwa midomo yake imezibwa na takataka, wala si kwa uchovu wa zege pekee. Lakini kalvati iliyochoka, ambayo udongo wake umekuwa ukipigwa pampu na malori kwa misimu kadhaa, haihitaji gharika. Mvua ya kawaida huitosha.

MAFUNZO KUTOKA ULAYA

Mataifa yenye uwezo mkubwa pia yamejifunza somo hili kwa uchungu. Mnamo Agosti 14, 2018, daraja la Morandi katika mji wa Genoa, Italia, liliporomoka na kuua watu 43. Lilikuwa limefunguliwa mwaka 1967. Nyaya zake za chuma zilikuwa zimefunikwa kwa zege, na kifuniko hicho kilichodhaniwa kuwa kinga kikawa pazia: chuma kililiwa na kutu ndani yake, mbali na macho ya wakaguzi.

Mnamo Septemba 11, 2024, sehemu ya daraja la Carola mjini Dresden, Ujerumani, iliangukia mto Elbe usiku wa manane. Hapakuwa na aliyefariki, kwa kuwa tramu ya mwisho ilikuwa imepita dakika chache awali. Uchunguzi uliashiria kwamba unyevu uliopenya wakati wa ujenzi, zaidi ya miaka 50 awali, ulikuwa umeanzisha nyufa katika nyaya za chuma, na mizigo ya kila siku ya magari ikazikuza hadi zikakatika.

Visa hivyo viwili vina funzo moja kwa Kenya. Daraja laweza kuonekana zima kwa nje na huku ndani limekwisha kuoza. Iwapo Ujerumani, yenye wahandisi, vifaa na kumbukumbu za kila ukaguzi, ilishtukizwa, kaunti isiyo na hata orodha kamili ya kalvati zake ina sababu kubwa zaidi ya kuwa na hofu.

YANAYOWEZEKANA

Suluhisho halihitaji mabilioni. La kwanza ni orodha. Kila kaunti inafaa kujua ina kalvati na madaraja mangapi, yalijengwa lini, kwa kiwango kipi cha mzigo, na mara ya mwisho yalikaguliwa lini. Bila orodha hiyo, bajeti ya ukarabati ni ya kubahatisha.

La pili ni kuyafukuza maji kabla hayajaingia. Mtaro uliozibuliwa mnamo Februari na Machi, kabla ya mvua, hulinda zege kuliko kiraka kinachowekwa Agosti. Ufa ulioonekana ukizibwa mapema hunyimwa maji, na ufa ulionyimwa maji hukua polepole.

La tatu ni kupima uzani pale mizigo inapoanzia. Mizani ya kuhamishwa inaweza kuwekwa kwa zamu kwenye barabara zinazotoka timboni na katika maghala ya nafaka wakati wa mavuno. Hata mabango yanayotaja uzani wa juu unaoruhusiwa katika kila daraja dogo yangempa afisa wa trafiki msingi wa kumsimamisha mkaidi, na yangemnyima mwenye lori kisingizio cha kutojua.

La nne linawahusu wakazi wenyewe, kwa kuwa ndio walio karibu na daraja kila siku. Dalili ziko wazi kwa anayezijua. Madoa meupe ya chokaa chini ya sakafu ya daraja huonyesha kwamba maji yamekwisha kupenya kutoka juu hadi chini. Michirizi ya rangi ya kahawia ni kutu ya nondo. Tope linaloruka kwenye kingo gari linapopita ni ishara kwamba udongo wa chini unatoroka. Zege linalotoa mlio wa kitu kitupu likigongwa kwa nyundo limekwisha kuachana na vyuma vyake. Chifu, mwakilishi wa wadi au mhandisi wa kaunti akiletewa taarifa ya mambo hayo mapema, ukarabati huwa wa maelfu ya shilingi. Akiletewa taarifa ya kuporomoka, huwa wa mamilioni, na pengine wa mazishi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Elimu ya zege inaongeza neno kwa methali hiyo: ufa unaoonekana kwa macho si mwanzo wa ugonjwa, bali ni taarifa kwamba ugonjwa umekomaa. Zile nyufa zilizoanzisha safari zilikuwa ndani, zikirefushwa na kila lori lililopita salama.

Ndiyo maana swali linalofaa kuulizwa Kiplombe kabla ya mvua ijayo si iwapo kalvati ilistahimili lori la jana. Ni malori mangapi imekwisha kuyabeba, yalikuwa na uzani gani, na maji yanayotuama juu yake huelekea wapi.